Kikapu cha Tatu

Wiki tatu baada ya kumzika Bwana Rajabu, mume wa mama yangu, wenzangu wa kazini walinichukua kula chakula cha mchana katika mkahawa wa Kichina, ule wa bei nafuu, ghorofa ya pili juu ya duka la vigae. Walidhani nahitaji kuchangamshwa. Viti vya plastiki, meza zilizotandikwa nailoni, kalenda yenye samaki wekundu. Nilishika menyu kwa mkono ulionyooka, kama wafanyavyo watu wa rika letu wanaokataa kununua miwani, nikijifanya najua tofauti ya namba kumi na nne na namba kumi na tano. Halafu msichana wa mkahawa akaja na vikapu vitatu vya mianzi vyenye vifuniko, akaviweka katikati yetu, akafunua cha kwanza.

Mvuke ulinipiga usoni. Unga wa ngano uliolowa, tangawizi, kitunguu, na chini ya hayo yote harufu ya mianzi iliyochemka, ambayo haifanani na harufu ya kitu kingine chochote duniani. Wenzangu waliendelea kugombana juu ya bajeti ya idara. Mimi nikachukua mfuniko, nikaugeuza, nikaanza kupapasa ukingo wake kwa kidole gumba.

"Unatafuta nini hapo?" mmoja akaniuliza.

"Bei," nikasema, nao wakacheka.

Nilikuwa natafuta mkono wa mtu.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Habuba kama wanavyowaita bibi zao watu wengi wa Koboko waliokulia kambi za wakimbizi, alikuwa msusi wa vikapu kule Dranya. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi na cha sokoni. Ndicho kilichokuwa changu cha kwanza, mpaka nilipokwenda chuo kikuu nikafundishwa kwa miaka mitatu kwamba bibi yangu alikuwa anakosea. Wasusi wa kwetu hutambuana kwa ukingo. Tumbo la kikapu ni la kila mtu, lakini mwisho wake, pale ufito wa mwisho unapotafuta mahali pa kujificha, ni wa nyumba. Wa nyumba yetu uliruka fito tatu, ukazama chini ya mbili, ukarudi nyuma na kupotea, daima ukielekea kulia. Isipokuwa kwa Baba. Baba alikuwa wa mashoto. Habuba alijaribu kumnyoosha kwa fimbo, akashindwa, kwa hiyo vikapu vya Baba viliishia kushoto, kama nyasi zilizolazwa na upepo wa upande mwingine. Nyumbani kilikuwa kimebaki kimoja tu, kidogo, ambamo Mama aliweka sindano na nyuzi.

Baba alikuwa askari. Siku serikali aliyoitumikia ilipoanguka na majeshi kutoka kusini yakawa yanapanda barabara ya Arua, watu wa kwetu walivuka mpaka wa Oraba kuingia Sudan kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama, kwa hiyo nakumbuka tu nilichosimuliwa. Baba alitupandisha lori, akasema yeye atakuja na lori linalofuata. Lori lililofuata lilikuja na mbuzi, magodoro na watu wengine.

Tulikaa ng'ambo miaka mingi, na tuliporudi Dranya nyumba ilikuwa kuta tatu na mpapai ulioota chumbani. Habuba aliukata mpapai, akaezeka, akaendelea kufanya alichokuwa akikifanya kambini kila siku: kabla ya mtu mwingine kugusa chakula, alimega fungu la Baba, akaliweka pembeni, akalifunika kwa kikapu.

"Mutu ya safari iko na njaa," alisema.

Asubuhi fungu halikuwepo. Mimi niliamini Baba hupita kulila. Niliamini hivyo kwa moyo wote, ingawa aliyelila mara nyingi alikuwa mimi, alfajiri, kabla Habuba hajamaliza sala. Nililila, nikalamba vidole, nikafunika kikapu, na nilipotoka nje nilitazama njia nikijiuliza Baba ameelekea wapi. Baadaye nilisoma vitabu vinene juu ya imani za watu, nikaandika hata tasnifu, na hakuna ukurasa ulionieleza jambo hilo vizuri kuliko tumbo langu la miaka tisa.

Mwaka huo ndipo Bwana Rajabu alipoanza kuja. Alikuwa wakala wa forodha pale Oraba, mtu wa makaratasi na mihuri, aliyefiwa na mkewe. Hakuleta maua. Alileta sukari, kilo mbili mbili, na wakati ule sukari ilizidi shairi lolote. Alitaka kumwoa Mama. Mama alitaka kuolewa, hilo niliona hata mimi, maana alianza kupiga pasi gauni la siku za kazi. Lakini Mama hakuwa mjane. Ili awe mjane ilibidi Baba asaliwe sala ya maiti, ndipo akae eda, ndipo aolewe. Shehe alikwisha kusema miaka iliyopita inatosha. Habuba akasema haitoshi.

"Mutu hapana kufa," alimwambia shehe mbele ya wazee, "mpaka mimi naona mutu iliyofunika yeye na udongo."

Mama angeweza kupita pembeni. Sheria ilikuwa upande wake. Lakini Habuba ndiye aliyembebea maji kambini siku alizougua, na kuna watu huwezi kuwaruka hata sheria ikikupa ngazi. Akangoja. Bwana Rajabu naye akangoja, akiendelea kuleta sukari. Siku moja aliniinamia akaniambia, "Sauda, wewe naweza ita mimi Baba, kama nataka." Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri sana, na nilivichukia.

Kila Jumatano ya pili Habuba alipanda lori kwenda Arua kuuza vikapu, nami nilikwenda naye kubeba vifuniko. Nyuma ya soko palikuwa na chumba kimoja chenye meza tatu na benchi, ambacho watu walikiita kwa Mchina. Hapakuwa na Mchina. Palikuwa na mwanamke mrefu wa Ayivu, mwenyeji wa Arua, jina lake Candiru, aliyehudumu mbele, na mumewe aliyepika nyuma na ambaye hakuonekana kamwe. Kati yao palikuwa na tundu ukutani lililozibwa kwa turubai la bluu, lile la wakimbizi. Mvuke ulipita pembeni mwa turubai. Kila baada ya muda mkono ulijitokeza, umebeba kikapu chenye mfuniko, Candiru akakipokea na kukibwaga mezani. Ndani mlikuwa na vimfuko vinne vya unga vyenye nyama ya mbuzi au maharage, vilivyoiva kwa mvuke tu. Ulichovya kwenye simsim iliyosagwa. Chai ya rangi ilikuwa bure, bila sukari.

Mji mzima ulikuja kula na kutukana.

"Candiru! Hii sambusa gani? Mafuta nashinda nyinyi?" dereva wa lori aliuliza siku ya kwanza tulipoingia.

"Mafuta iko kwa tumbo yako. Tafuta huko."

"Na chai hapana sukari! Hii maji ya kuogesha mugonjwa."

"Basi wewe iko mugonjwa. Oga."

Habuba alisimama mlangoni na vikapu vyake kichwani. "Mbuzi nani nachinja?" aliuliza.

"Shehe ya soko, Mama. Mimi iko mukristo, lakini mbuzi iko muislamu."

Habuba alicheka, jambo ambalo halikutokea kila mwezi, nasi tukaingia. Candiru alipoona vikapu vyenye vifuniko vilivyokaa sawasawa alikwenda kwenye tundu, akanong'ona, akarudi na kikapu kimoja kilichochakaa, cheusi kwa moshi. Mwenye jiko anataka kumi kama hiki, alisema. Alikuja nacho kutoka Sudan, alikokuwa akiwapikia Wachina waliochimba visima vya maji. Ndiko alikojifunza mapishi haya.

Habuba alikipokea. Alikigeuza kama anavyogeuza muuza kuku kuku wake. Kidole gumba chake kilipita ukingoni, kikaruka fito tatu, kikazama chini ya mbili, kikasimama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona. Tumbo la kikapu lilikuwa la kigeni, lakini ukingo ulikuwa umekufa zamani na kusukwa upya, na ufito wa mwisho ulikuwa umelala kushoto.

"Hii nani nashona?" Habuba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Candiru alikwenda kwenye tundu. Alikaa huko muda mrefu kuliko swali lenyewe. "Yeye nasema hapana jua, Mama. Nasema nakuta hivo-hivo."

"Sawa," Habuba akasema. "Leta chakula. Tatu."

Akaketi akitazama turubai. Kimoja kilikuwa changu, kimoja chake. Cha tatu kilikaa mbele ya nafasi tupu kwenye benchi, kimefunikwa, kikitoa mvuke, baadaye kikiacha kutoa. Tulipoinuka Candiru aliuliza, "Na hii hapana kula?"

"Hii iko ya mutu," Habuba akasema.

Tulikwenda hivyo msimu mzima, tangu mtama unapandwa mpaka mtama unavunwa. Habuba alipeleka vikapu viwili viwili, ingawa angeweza kusuka kumi kwa wiki mbili bila kutoa jasho. Hakuuliza tena. Aliketi palepale, akatazama turubai, akaagiza vitatu, akaacha kimoja. Nyumbani hakumwambia Mama neno. Mimi pia hakuniambia neno, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana mtoto asipoambiwa kitu hujiambia mwenyewe.

Nilijiambia hivi. Ukingo ule ni wa Baba. Kikapu kimo jikoni. Kwa hiyo Baba yumo jikoni. Na kama ushahidi huo haukutosha, kulikuwa na mkono. Mkono uliotoka chini ya turubai ulikuwa wa kushoto. Kila mara. Kwetu chakula hakipokelewi wala hakitolewi kwa mkono huo, na wateja hawakuacha kulalamika.

"Candiru, mume yako natupa sisi mkono ya choo?"

"Mkono ya kulia nashika mfuniko ya pipa. Wewe nataka chakula ama nataka salamu?"

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilijua mtu mmoja tu duniani wa mashoto. Na kwamba Candiru alimwita mume wake hakukunisumbua hata kidogo. Wanaume wengi wa Koboko walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni na wake wa nyongeza, kama wengine walivyorudi na redio. Hilo lilieleza kila kitu. Baba alikuwa na aibu. Alikuwa Arua, mwendo wa lori moja tu, akisuka na kupika nyuma ya turubai, hawezi kutoka kwa sababu mama yake ameketi palepale anamngoja. Na Habuba, nilijiambia, anajua, na anamngoja aibu imwishe. Nikaacha kumsalimu Candiru. Aliponipa kimfuko cha ziada nilikila kwa chuki.

Siku hizi nadhani sikukosea sana. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila jibu ndilo lililokosewa.

Kisha Bwana Rajabu alichoka kungoja. Alisema kwa upole, kama alivyosema kila kitu, kwamba mama yake ni mgonjwa na anamtaka aoe kabla hajafa, kama si kwetu basi kwingine. Wazee wangekuja Ijumaa kusikia neno la mwisho. Asubuhi ya Jumatano, tukifunga vikapu, Mama alipiga magoti mbele ya Habuba.

"Mama, Ijumaa wazee nakuja. Sema kitu moja tu. Ukisema ndiyo, nafuata. Ukisema hapana, nafuata pia."

Habuba alikaza kamba. "Leo narudi na jibu," alisema.

Njiani, juu ya magunia ya mihogo, nilifanya uamuzi. Habuba alikuwa amengoja kiungwana msimu mzima na haikusaidia. Mtu ambaye ana aibu hatoki kwa kungojewa. Anatoka kwa kuitwa.

Tuliketi. Habuba aliagiza vitatu. Mkono wa kushoto ukatoka mara tatu. Candiru aligeuka kupokea matusi ya madereva, na mimi nikateremka kwenye benchi, nikazunguka mlango wa pembeni, nao ulizibwa kwa turubai, nikaliinua, nikaingia.

Sikuona kitu. Nusu ya pipa la mafuta ilikuwa motoni, na mvuke ulijaa chumba kile kidogo hadi paani, mweupe, mzito, wenye joto la pumzi. Kisha nikaona mgongo. Mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, ameinama juu ya kitu magotini. Mikono yake ilikuwa ikienda kwa mwendo niliokuwa naujua tangu kuzaliwa: kuruka, kuzama, kurudi. Alikuwa akikarabati ukingo wa kikapu.

"Baba," nikasema.

"Naam."

Iliitikwa polepole, kwa uchovu, kama anavyoitika mtu aliyekwisha kuitwa mara nyingi leo. Na ilikuwa karibu sana.

Mtu yule akageuka. Alikuwa mnene, uso mpana, macho mekundu kwa moshi. Baba wa kwenye picha yetu alikuwa mwembamba kama ufito. Lakini uhamisho hubadilisha watu, nilijiambia, na sikukaa kumchunguza. Nilitoka mbio nikaangusha kikombe cha mtu.

"Habuba! Baba iko! Mimi naita yeye, yeye naitika!"

Chumba kizima kikageuka, hata madereva. Habuba aliweka kikombe chake mezani. Alikiweka vizuri sana, katikati ya alama yake ya maji. Akainuka, akazunguka mlango wa pembeni, akainua turubai, akaingia. Mimi nilisimama upande huu, na turubai la wakimbizi halizuii kitu.

"Wewe naitika jina ya mutoto yangu?" alisema.

Maji yalichemka.

"Miezi tano mimi nakaa pale. Wewe naona mimi."

"Naona, Mama."

"Wewe najua mimi nani."

"Najua siku ya kwanza. Naona vikapu yako. Mimi naogopa."

"Naogopa nini? Mimi muzee. Sema."

Akasema. Jina lake lilikuwa Drani, jina lenye kifo ndani yake kwa Kilugbara, kama majina mengi ya kwao. Yeye na Baba walikutana uhamishoni, wakapata kazi kambini kwa wale Wachina. Yeye alipika, Baba alishona vikapu vya jikoni vilipokatika. Mchina mkuu wa jiko alikuwa akicheka kila siku, akisema huyu wa kushoto ndiye fundi. Baba ndiye aliyemfundisha Drani kushona ukingo. Masika ya pili homa ilimwingia Baba, ikawa siku nne, ikaisha naye.

"Nani nafunika yeye?" Habuba aliuliza.

"Mimi. Mimi na ule Mchina."

"Shehe?"

"Hapana. Muislamu hata moja hapana pale, Mama." Sauti ya Drani ilikatika, ikarudi. "Ile ndio naogopa. Mimi hapana jua maneno yenu. Sanda hapana. Tunashona gunia ya unga, mpya, tunafua kwanza. Na mimi hapana jua uso naangalia wapi. Nauliza Mchina, Mchina hapana jua. Basi mimi nafikiri, huyu kila siku nasema habari ya nyumbani. Naweka yeye naangalia Koboko."

Hata mimi, mtoto wa madrasa aliyekuwa akipigwa kwa kusahau, nilijua maana yake. Kutoka huko Koboko ilikuwa kusini. Makka ilikuwa nyuma ya Baba. Mkristo mmoja na Mchina mmoja walikuwa wamemlaza akiipa kisogo kibla, ndani ya gunia, na yule Mkristo alikuwa amejificha nyuma ya turubai akiogopa mama wa marehemu atamwambia nini.

Candiru alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Gunia munafua?" Habuba aliuliza hatimaye.

"Tunafua, Mama. Mara mbili."

"Basi," akasema. "Koboko pia iko mbele ya Mungu."

Alitoka akimshika Drani kwa kiganja, kama anavyoshikwa mtoto anayepelekwa kutahiriwa. Ndiyo siku ya kwanza Arua kumwona Mchina wao. Akamketisha kwenye nafasi tupu. Akavuta kikapu cha tatu, akafunua.

"Kula," akamwambia. Akampa viwili. Kimoja akachukua yeye. Kimoja akaniwekea mimi kiganjani. "Na wewe. Sasa safari kwisha."

Drani alikula huku machozi yakimtoka, na dereva mmoja aliyekuwa amechelewa kuingia akauliza kama leo wametia pilipili. Mimi nilikishika kimfuko changu. Mamia ya mafungu ya Baba nilikuwa nimekwisha kuyala kwa siri, kwa pupa, alfajiri hata alfajiri. Hili ndilo la kwanza nililopewa.

Ijumaa wazee walikuja, Habuba akasema ndiyo, na Baba akasaliwa. Shehe alipouliza alizikwa vipi alijibiwa kwamba alizikwa na watu wazuri. Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi, kisha Bwana Rajabu akamwoa, na lile fungu la mihogo lililokuwa likifunikwa pembeni halikufunikwa tena. Nilipoteza baba na kifungua kinywa kwa siku moja.

Niliendelea kwenda kwa Mchina mpaka nilipoondoka kwenda shule ya bweni, na nilipokuwa msichana mkubwa mwenye kiburi cha vitabu nilimuuliza Drani kwa nini aliitika siku ile. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha jibu lake: huruma, au hatia, au mazoea ya mtu mwenye watoto. Aliacha kukanda unga.

"Mimi? Mimi hapana itika."

"Uliitika. Nilisikia."

"Sauda, mimi iko na kamba kwa meno. Ukingo nashona na meno. Wewe naona mwenyewe." Na ni kweli. Alipogeuka siku ile kamba ilikuwa imebanwa kati ya meno yake, imekazwa mpaka kikapuni. Naiona hata sasa. "Mimi pia nasikia. Mimi nafikiri mutu iko nje naitika."

"Huyu hata mimi naita yeye hapana itika," Candiru akadakia. "Miaka kumi na mbili naita."

Nilicheka nao. Nina shahada mbili na siamini mizimu. Ninajua kwamba mtoto husikia anachotaka, kwamba mtu anaweza kusema naam bila kufungua meno, kwamba maji yanayochemka hutoa sauti za kila aina. Nimelieleza jambo hilo kwa wanafunzi, nikilifanya la mtu mwingine. Lakini tangu siku ile neno Baba sikulitamka tena kwa kumwita mtu. Niliogopa. Sikuogopa kwamba hataitika mtu.

Aliyelipa gharama ni Bwana Rajabu. Alinilea. Alinipandisha malori ya Oraba nikaenda shule, nikiwa nimekaa mbele na dereva, na barua yenye mihuri mitatu isiyohitajika hata mmoja. Alisoma makala zangu zote, akasahihisha tahajia. Nilimwita Bwana Rajabu kwa miaka karibu arobaini, kama karani. Mwezi wake wa mwisho, hospitalini, aliniambia, "Sauda, wewe iko na maneno mingi sana. Moja tu nashinda wewe." Alikuwa anatabasamu. Nilimrekebishia mto, nikasema daktari amemkataza kuzungumza.

Jumatano iliyofuata chakula kile na wenzangu nilirudi kwenye mkahawa ule wa ghorofani, peke yangu. Niliagiza vikapu vitatu. Msichana akauliza kama nangoja watu, nikasema ndiyo. Nilikula changu. Nilikula na cha pili, kwa kuwa mimi ni yuleyule. Cha tatu nilikiacha na mfuniko wake mbele ya kiti kitupu, mvuke ukitoka kwenye nyufa zake. Nilipapasa ukingo, ulikuwa wa mashine, umefungwa kwa waya. Nikainama, nikalisema lile neno kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja chai kama imepoa. Safari hii sikuwa namwita yule wa visimani. Nilikuwa namwita yule wa sukari.

Nikangoja. Mezani kwa jirani watu walikuwa wakigawana bili. Nikangoja mpaka mianzi ikapoa chini ya kiganja changu.

Hakuitika mtu.